Huduma Chini ya Paa Moja: Jinsi ya Kuanzisha Kituo cha Jamii Ambacho Watu Watakitumia

Maswali huwa yale yale. Jengo tunalo, tuanzie wapi? Mashirika matano yamekubali kuja, mbona hayaonekani? Tumefungua mwezi wa tatu huu, watu wako wapi? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu vikaoni, nimeyajibu nikiwa nimesimama mlangoni na mtu aliyekwisha kata tamaa. Leo nayaandika mahali pamoja.

Ninachozungumzia ni kituo ambacho mtu mwenye deni, ugonjwa, mgogoro na mwenye nyumba, mtoto asiyehudhuria shule, au upweke tu, anaingia mlango mmoja na kuwakuta humo humo watu wa kumsaidia. Wazo si geni. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba moja ya Chicago iliyoitwa Hull House, wakaishi jirani na wahamiaji na kuongeza huduma kadiri mahitaji yalivyojitokeza: chekechea, masomo ya jioni, mabafu ya umma. Huko Bromley by Bow, mashariki mwa London, kituo kilianza mwaka 1984 kwenye kanisa lililochakaa, na zahanati ikaja miaka mingi baadaye. Zingatia mpangilio huo. Watu walitangulia, huduma zikafuata.

Kipimo changu ni kimoja: mtu anaeleza shida yake mara ngapi? Kama akitoka chumba namba 2 kwenda namba 5 anaanza upya toka mwanzo, hicho si kituo. Hiyo ni nyumba ya ofisi zinazochangia choo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Watoa huduma wawili au watatu walio tayari kuja siku zinazojulikana. Kumi ni wengi mno kwa kuanzia.
- Chumba kikubwa kimoja cha kukaa, na kidogo angalau kimoja chenye mlango unaofungika.
- Mtu wa mapokezi anayelipwa. Wanaojitolea wamsaidie, lakini kiti hicho kisitegemee nani ana nafasi wiki hii.
- Simu ya kituo, ambayo si ya mtu binafsi, na kabati lenye kufuli.
- Fedha za uendeshaji za miezi 12: pango, umeme, maji, usafi, bima, mshahara wa mapokezi. Wafadhili hupenda kulipia rangi na samani. Umeme wa mwezi wa nane hakuna anayeukumbuka.
- Jina la mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Kamati iwepo, ila bomba likipasuka asubuhi kamati haipokei simu.

Ukikosa jengo, usisubiri. Chumba cha maktaba au ukumbi wa kuazima siku mbili kwa wiki unatosha kujifunza karibu kila kitu kilichomo humu.

Hatua kwa hatua

1. Fuata njia anayopita mwenye shida.

Kabla ya kuchora ramani yoyote, mwombe mtu aliyewahi kutafuta msaada eneo lako akupitishe alikopita. Mwende kwa miguu au kwa usafiri alioutumia yeye. Andika kila mahali aliposimama: alisubiri muda gani, aliombwa karatasi zipi, aliambiwa "nenda kule" mara ngapi, na ni wapi alipoamua kurudi nyumbani. Hapo pa mwisho ndipo kazi yako ilipo.

Rudia na watu wanne au watano walio tofauti: mzee, mzazi mwenye mtoto mgongoni, kijana, mtu mwenye ulemavu, mgeni asiyejua vizuri lugha ya hapo. Kisha tengeneza orodha ya huduma zilizopo, siku zake, masharti yake na jina la mtu anayepokea simu kweli.

*Angalizo:* usiulize "mnahitaji huduma gani?" Utajibiwa kwa majina ya huduma ambazo watu wamezisikia. Uliza, "Mara ya mwisho ulipokwama, ulimwendea nani kwanza?" Mara nyingi atatajwa kinyozi, mwalimu, au jirani fulani ambaye kila mtu humwendea. Hao watafute mapema. Ndio watakaowatuma watu kwako, au kuwazuia.

2. Chagua huduma chache zinazogusana.

Anza na zile ambazo mtu mmoja huzihitaji kwa pamoja. Deni na makazi huenda sambamba. Afya ya mama na malezi ya mtoto vivyo hivyo. Ushauri nasaha na msaada wa kisheria hukutana mara nyingi kwa wanaotoka kwenye ndoa zenye ukatili. Huduma mbili zinazopelekeana watu zitakufundisha mengi kuliko nane zilizopangwa ukutani.

Halafu ongeza kitu kisichohusiana na shida yoyote: darasa la kushona, kona ya watoto, kusoma magazeti, mazoezi ya lugha, meza ya kutengeneza vitu vilivyoharibika. Hili watu hulidharau, na mimi nalishikilia kuliko yote. Kituo ambacho kila anayeingia anajulikana ana matatizo, majirani wanakitazama kwa jicho hilo, na mwenye aibu hatavuka kizingiti chake. Lakini kama kuna anayekuja kushona na anayekuja kuongelea deni, aliyeko nje hawezi kuwatenganisha. Anayekuja kushona naye, wiki ya sita, huinua kichwa na kusema, "Hivi hapa mnaweza kunisomea barua hii?"

3. Andikeni makubaliano.

Kurasa mbili zinatosha, bila lugha ya mahakama. Hati iseme nani anakuja siku gani na saa ngapi. Akishindwa anamwambia nani na mapema kiasi gani. Nani analipa nini. Taarifa za watu zinatunzwaje. Anayetaka kujitoa atoe notisi ya muda gani. Ugomvi ukizuka unaamuliwa na nani.

*Angalizo:* ukisikia "tutakuwa tunakuja hali ikiruhusu," hiyo ni hapana iliyovaa heshima. Shukuru, mwandike kwenye orodha ya walio nje, endelea na aliyekupa siku na saa. Na sahihi ya mkurugenzi peke yake haitoshi: mwombe akutanishe na yule atakayekaa kwenye kile kiti, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye wa mwisho kuambiwa.

4. Panga chumba kwa macho ya anayeingia mara ya kwanza.

Simama nje ya mlango. Je, unaweza kuona ndani kabla ya kuingia? Mtu mwenye wasiwasi hutaka kuchungulia kwanza. Ondoa mabango yanayoziba dirisha.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ikiwezekana, na ndani pawe na nafasi ya duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ili kiti cha magurudumu kigeuke. Mteremko wa kuingilia usizidi 1 kwa 12. Maana yake, kizingiti cha kimo cha sentimita 15 kinadai mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Ubao ulioegeshwa juu ya ngazi si mteremko, ni mtego. Hakikisha choo nacho kinafikika. Nimeona vituo vyenye mlango mzuri sana wa mbele na choo kilichopo juu ya ngazi nne.

Viti visipangwe safu safu vikitazama dawati, kama watu wanasubiri hukumu. Viweke kwa makundi madogo, vingine pembeni kwa anayetaka kukaa peke yake mgongo ukiwa ukutani. Maji ya kunywa yawe mahali ambapo mtu anajichotea bila kuomba.

Sasa chumba cha faragha. Kituo cha kwanza nilichosaidia kukianzisha tulikiweka chumba hicho nyuma tu ya viti vya kusubiria, ukuta wa mbao nyembamba. Mama mmoja alitoka humo akakuta watu sita wanatazama sakafu. Hakurudi tena. Tangu siku ile kipimo changu ni hiki: mtu mmoja aingie, afunge mlango, asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine akae kwenye kiti kilicho karibu zaidi. Akisikia neno hata moja, hamisha viti, weka kabati la vitabu ukutani, au cheza redio kwa sauti ya chini upande wa kusubiria, kisha pima tena.

Milangoni andika namba au majina yasiyosema shida. "Chumba 3" kinatosha. Bango lenye maneno "Waathirika wa Ukatili" humtangaza kila anayeligusa.

5. Wekeza kwenye mapokezi kuliko kwenye kitu kingine chochote.

Chagua mtu anayeweza kukaa kimya. Elimu kubwa si lazima, utulivu ni lazima. Mfundishe mambo manne: kusikiliza bila kukimbilia jibu; kujua kila huduma iliyomo na hata iliyo nje; kutunza siri; na kutambua jambo linalozidi uwezo wake, pamoja na nani wa kumwita.

Salamu ya kwanza iwe salamu. Baada ya hapo, "Unataka kuongea sasa, au ukae kwanza?" Kitambulisho, fomu na saini vije mtu akiwa ameshakaa, na viombwe tu pale huduma anayoitaka inapovihitaji. Mwenye kuja kusoma gazeti hana haja ya kuandikwa jina.

*Angalizo:* uso wa kwanza usiwe wa mlinzi mwenye sare. Kwa aliyekimbia vita, aliyewahi kukamatwa au anayeogopa karatasi zake, sare pekee inatosha kumgeuza njia. Mlinzi akihitajika, akae anapoona mlango lakini asiwe yeye mlango.

Andaa pia lugha. Jua ni lugha zipi zinasemwa eneo lako, pamoja na lugha ya alama, na uwe na namba za wakalimani walioridhia kuitwa. Usimtumie mtoto kumtafsiria mzazi wake mambo ya ugonjwa, deni au ndoa. Mtoto atatafsiri, kisha atabeba.

6. Mkabidhi mtu mkononi.

Kumpa mtu karatasi yenye anwani ndiko kunakompoteza. Ndani ya kituo fanya hivi: mwulize kama anaruhusu uzungumze na mtoa huduma wa pili, kubalianeni utakachosema, sentensi mbili au tatu, mwongozane naye hadi chumbani, watambulishe kwa majina, sema zile sentensi mbele yake, naye asahihishe, kisha toka.

Huduma ikiwa nje ya kituo, piga simu akiwa amekaa hapo, chukua miadi, mwandikie siku, saa na jina la atakayempokea. Baada ya siku hiyo ulizia kama alifika. Simu hiyo moja ya kuulizia ndiyo inayosahaulika kuliko kazi zote za kituo.

Fomu ya rufaa, yaani ya kumpeleka mtu kwa huduma nyingine, iwe ya ukurasa mmoja: jina analotaka aitwe, jambo lililomleta, ameruhusu nini kisemwe na kwa nani, hatua inayofuata, na namna salama ya kumpata. Hiyo ya mwisho iulize waziwazi: "Tukikupigia, nani mwingine anaweza kupokea?" Ujumbe wa "karibu tena kwenye ushauri wa ndoa" ukifika kwenye simu inayoshikwa na mwenzake anayemtesa, umemwumiza.

7. Tunza siri kwa utaratibu, usitegemee wema wa watu.

Nchi nyingi zina sheria ya taarifa binafsi: kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kutumika 2018, Kenya ilipitisha sheria yake 2019 na Tanzania 2022. Soma ya kwenu. Kwa vyovyote vile, kusanya kidogo, funga kabati, na usiache daftari la wageni wazi mezani ambapo anayeandika jina lake anasoma ya waliomtangulia. Kila huduma itunze mafaili yake. Kinachopita kati yao ni kile mwenyewe alichoridhia.

Mweleze mtu mipaka ya siri *kabla* hajaanza kusimulia: kwamba maisha yake, ya mtoto au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, utalazimika kumwambia mwingine. Ukimwambia baadaye ataona umemtega.

8. Fungua kimyakimya.

Siku mbili kwa wiki, wiki sita, bila utepe na bila hotuba. Waalike wale uliotembea nao katika hatua ya kwanza. Kila jioni ya siku ya kazi, watoa huduma wote wakae dakika 20 na swali moja: leo nani alikwama na wapi? Rekebisha, endelea. Sherehe ifanyike mkishajua choo kinapoziba na foleni inapotokea.

Saa za kufungua zisibadilike badilike. Afadhali Jumanne na Alhamisi mwaka mzima kuliko kila siku kwa mwezi mmoja. Na angalau siku moja iwe jioni au Jumamosi, maana mwenye kibarua haachi kazi mchana kuja kuongelea deni.

9. Hesabu vitu vitatu.

Waliopelekwa huduma ya pili na wakafika kweli. Waliorudi kwa hiari. Na wale wa eneo lako ambao hawaonekani kabisa. Idadi ya waliopita mlangoni mpe mfadhili akiitaka, ila isikulevye: foleni ndefu yaweza kuwa ni watu wale wale wanarudishwa kesho.

Mambo yakienda kombo

*Watu hawaji.* Usichapishe vipeperushi zaidi. Rudi kwa yule kinyozi na yule mwalimu, waulize wamesikia nini. Mara nyingi kuna uvumi: kwamba ni mahali pa dini fulani, pa chama fulani, au kwamba majina yanapelekwa serikalini. Uvumi huondolewa na mtu aliyekuja akasaidiwa, si na tangazo lako.

*Mtoa huduma anakosa siku zake.* Mara ya kwanza piga simu. Mara ya pili kaeni na hati ya makubaliano mezani. Mara ya tatu toa jina lake kwenye ratiba na umpe siku nyingine. Mtu aliyesafiri akakuta kiti kitupu hailaumu taasisi iliyokosa. Anakulaumu wewe.

*Foleni imekuwa ndefu.* Angalia kama kila mtu anapitia kwa mtu mmoja kwa mambo madogo. Kusomewa barua, kujaza fomu na kupata nakala kunaweza kuwa na meza yake ya haraka inayoshikwa na wanaojitolea waliofunzwa.

*Watu wanakuja kukaa tu.* Vizuri. Waache.

*Mtu amepandisha hasira.* Punguza sauti yako, mpe nafasi, usimzibie njia ya kutoka, waombe wengine wasogee chumba kingine. Mapokezi pawe na kengele au neno la siri la kuita msaada, na mfanyakazi asibaki peke yake jengoni na mgeni. Akishatulia, zungumza naye kuhusu kurudi kwake. Kumfungia mlango moja kwa moja kuwe hatua ya mwisho.

*Mtu anasema anataka kujiua, au anaogopa kurudi nyumbani.* Usimwache peke yake na usimwambie arudi kesho. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mwite mara moja aliyefunzwa, au namba ya dharura ya eneo lenu, ambayo inapaswa kuwa imebandikwa ndani ya dawati la mapokezi toka siku ya kwanza. Kwa anayeogopa kupigwa, usimpigie simu mwenzake "kusuluhisha." Nimewahi kuona mtu mwenye nia njema akifanya hivyo, na mume akawa mlangoni kabla mama hajamaliza maji yake.

*Mashirika yanagombania sifa.* Ugomvi huanza kwenye nembo na huishia kwenye takwimu: kila mmoja anataka kumhesabu mtu yule yule kuwa ni wake. Kubalianeni kwamba kila mmoja ataripoti kazi aliyoifanya kwa mtu huyo, na kituo pekee ndicho kitakachotoa idadi ya watu. Mlangoni kaa na jina moja tu, la kituo. Nembo ziende ukuta wa ndani, zote kwa ukubwa sawa.

*Fedha zinaisha.* Sema mapema, miezi mitatu kabla, kwa watoa huduma na kwa watu wanaokuja. Punguza siku kabla ya kupunguza mapokezi. Ikibidi kufunga, tumia wiki zilizobaki kumkabidhi kila mtu mkononi kwa huduma nyingine, teketeza taarifa ambazo sheria haikuagizi kuzitunza, kisha bandika mlangoni karatasi yenye jina na saa za mahali pengine pa kwenda, na upite kila wiki kuangalia kama bado ipo.